Hema, Madhabahu na Kaburi

Mazungumzo ya redio. Somo: Mwanzo 12:1-9 na Mwanzo 23

Wewe uliye jikoni ukichochea uji wa watoto, wewe uliye kitandani kwa ugonjwa, na wewe mlinzi unayerudi nyumbani baada ya zamu ya usiku, karibuni tukae pamoja kwa dakika hizi chache.

Leo nataka kuwasimulia habari za parokia moja ndogo na kanisa lake. Lakini kwanza niwaambie kilichonifanya niitafute habari hiyo.

Kanisa letu hapa Sarang'ombe ni kanisa la mabati. Wengi wenu mnayajua makanisa ya namna hii. Mvua ikinyesha, mhubiri hunyamaza, kwa maana hakuna atakayemsikia. Jua likiwaka, akina mama hujipepea kwa vitabu vya nyimbo. Mwaka jana tulikuwa na kikao cha wazee juu ya fedha za ujenzi. Zilikuwa zimekusanywa kidogo kidogo, shilingi ishirini, shilingi hamsini, kutoka kwa watu wanaouza mboga na kufua nguo za wengine. Sisi wazee tulifikiri jambo ni rahisi: tununue mabati mapya, tuweke sakafu ya saruji, tuongeze viti.

Ndugu mmoja akasimama. Ni mtu mpole, wala si mgomvi. Akasema, "Wazee wangu, kwa nini tutie mabati mapya mahali ambapo kesho tingatinga litapita? Ardhi hii si yetu. Mwaka 2018, mwezi wa Julai, sote tuliona barabara ilivyokuja Kibera, na nyumba na shule zikalala chini kwa siku moja. Tungoje mpaka tupate mahali petu. Hapa tunapita tu."

Kukawa kimya. Kisha mama mmoja mjane akasema kwa sauti ya chini, "Mimi mume wangu aliondokea katika kanisa hili. Tulimwombea hapa, tukampakia katika gari, tukampeleka nyumbani kuzikwa. Je, hapa alipita tu?"

Hakuna mzee aliyeweza kumjibu mama huyo. Kikao kilifungwa kwa sala, nasi tukaenda zetu tukiwa na uzito moyoni. Ndipo mimi nikaanza kuuliza: je, makanisa ya mawe tunayoyaona leo, yenye minara na mashamba na makaburi, nayo yalianzaje? Nikaamua kutazama lile lililo karibu nasi.

Ndugu msikilizaji, ukitoka Kibera ukafuata reli kuelekea magharibi, utapita Dagoretti, nawe utafika Kikuyu. Si mbali. Karibu na hapo ni mahali paitwapo Thogoto. Jina lenyewe lina hadithi. Wazungu wa kwanza kukaa hapo kwa kazi ya Injili walikuwa Waskoti, na watu wa nchi hiyo walipolitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Thogoto. Huko Uskoti kuna parokia nyingi za mashambani, kila moja na kanisa lake dogo la mawe, na wafu wa kijiji wamelala kando ya ukuta. Watu waliolelewa katika parokia kama hizo ndio waliokuja kwetu. Lakini walipofika hawakuanza na mawe. Wala, na hili ndilo lililonishangaza, hawakuanzia Thogoto.

Walianzia Kibwezi, katika nchi ya Ukambani, kando ya njia ya misafara iliyotoka Mombasa. Ilikuwa mwaka 1891. Mabwana wachache waliokuwa na kampuni ya biashara ya Waingereza katika nchi hizi, mmoja wao Sir William Mackinnon, walitoa fedha zao ili misheni ianzishwe. Wakamwita Daktari James Stewart wa Lovedale, Afrika Kusini, mtu aliyekwisha kufanya kazi kubwa huko na katika nchi ya Malawi, awaongoze. Wakajenga Kibwezi, kwa sababu palikuwa na maji mazuri na watu wa safari walipita hapo.

Lakini penye maji palikuwa na mbu. Homa ikawashika. Baadhi yao walikufa, wengine wakarudi kwao wakiwa wagonjwa. Stewart mwenyewe alirudi Lovedale mwaka uliofuata. Mackinnon akafariki mwaka 1893. Watu wakaja wachache, na kazi haikukua. Mwaka baada ya mwaka kulikuwa na makaburi mengi kuliko ubatizo. Kama wewe na mimi tungalikuwa wazee wa kanisa la Kibwezi, nadhani tungalisema, "Hapa tunapita tu."

Nisimulie jambo lingine la Kibwezi, maana linatuhusu sisi wa upande huu. Mwaka 1890 Kapteni Lugard wa kampuni ile alifika Dagoretti, akafanya mapatano ya udugu na mzee mashuhuri wa Kikuyu, Waiyaki wa Hinga. Waliapa kuishi kwa amani. Lakini watu wa kampuni waliobaki katika ngome waliwanyang'anya wenyeji chakula na kuwatendea mabaya, na udugu ule ukaharibika. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akapigwa, akafungwa, akapelekwa kwa miguu kuelekea pwani. Hakufika. Alifia njiani, na alifia Kibwezi, mahali pale pale misheni ilipokuwa. Akazikwa huko, mbali na ardhi ya baba zake.

Fikirini jambo hili, ndugu zangu. Mzee wa Dagoretti amelala Kibwezi kwa sababu ya wazungu wa kampuni. Na miaka sita baadaye, wazungu wa misheni walioanzishwa kwa fedha za wakubwa wa kampuni hiyo hiyo wanatoka Kibwezi kwenda kukaa katika nchi ya mzee huyo. Mwenye kusimulia historia ya kanisa asifiche jambo kama hilo. Biblia nayo haikuficha dhambi za Daudi wala za Yakobo. Injili ililetwa katika vyombo vya udongo, na vyombo vingine vilikuwa na ufa.

Aliyehama kutoka Kibwezi alikuwa Thomas Watson, mtu wa mji wa Dundee. Hakuwa askofu wala mtu mwenye jina kubwa. Alikuwa mwinjilisti wa kawaida, mmoja wa wale waliofika mwaka 1891. Wenzake walikufa au waliondoka, yeye akabaki. Mwaka 1898 aliamua kuihamisha misheni kwenda penye hewa ya baridi, upande wa Dagoretti na Kikuyu. Reli ilikuwa bado haijafika Nairobi. Ilifika mwaka uliofuata, 1899. Mji wa Nairobi wenyewe ulikuwa bado haujaanza.

Je, alikuta nini huko juu? Alikuta njaa. Katika miaka ya 1898 na 1899 mvua zilikatika, na kabla ya hapo tauni ya ng'ombe na nzige walikwisha kuiharibu nchi. Ndui ikafuata nyuma ya njaa. Wazee wa Kikuyu wameisimulia njaa hiyo kwa watoto wao, na watoto kwa wajukuu. Watu walikufa njiani, na nyumba nyingi zikabaki bila mtu wa kuwasha moto. Hata ardhi ya karibu na Nairobi ilionekana kuwa tupu, na walowezi waliokuja baadaye wakasema haina mwenyewe, kumbe wenyewe walikuwa wamekufa au wamekimbia kutafuta chakula.

Katika hali hiyo Watson hakuweza kuanza na mahubiri marefu. Alianza na sufuria. Aliwalisha wenye njaa waliofika, akawauguza wenye ndui. Mwezi wa Desemba 1899 alifunga ndoa huko Mombasa na mchumba wake Minnie Cumming, ambaye naye alitoka Dundee. Wakapanda pamoja mpaka Kikuyu. Hiyo ndiyo ilikuwa fungate yao: wagonjwa, mayatima na makaburi ya kuchimba.

Mwaka mmoja tu ukapita. Mwezi wa Desemba 1900 Watson akashikwa na kichomi, naye akafa. Wakamzika hapo Thogoto.

Wapenzi wasikilizaji, tutulie hapo kidogo. Huyu ni bibi kijana. Ameolewa mwaka mmoja. Wakubwa waliotoa fedha za misheni wamekufa au wamechoka. Kanisa la kutazamwa halipo. Kuna kaburi, na watoto wachache ambao njaa iliwafikisha mlangoni. Kila mtu angemwelewa kama angefunga sanduku lake na kupanda gari moshi kurudi pwani. Bibi Watson alibaki. Aliendelea na watoto wale, akiwafundisha kusoma, naye akajifunza lugha yao. Mwaka 1901 Kanisa la Uskoti likaichukua kazi, akaja Kasisi David Clement Scott, mtu aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi Blantyre. Bibi Watson hakuondoka hata hapo. Alibaki Thogoto mpaka mwaka 1931. Hesabu mwenyewe: miaka zaidi ya thelathini. Na alipofariki kwao Uskoti mwaka 1949, majivu yake yaliletwa Thogoto, akalazwa karibu na mumewe.

Sasa fungueni pamoja nami somo letu. Katika Mwanzo sura ya 12 tunamwona Abrahamu akiitwa kutoka katika nchi yake. Anafika Kanaani, lakini Wakanaani ndio wenye nchi. Hana hati, hana shamba. Anafanya nini? Anapiga hema yake, na mahali alipopiga hema anamjengea Bwana madhabahu. Anahama tena kwenda upande wa Betheli, anapiga hema, anajenga madhabahu nyingine. Tazameni vizuri: hema yake ilikuwa ya nguo, lakini madhabahu yake ilijengwa. Abrahamu hakusema, "Nitamwabudu Mungu nikipata ardhi yangu." Alijua kabisa kwamba atahama, na bado alijenga.

Kisha nendeni sura ya 23. Miaka mingi imepita. Sara amekufa. Na hapo ndipo Abrahamu ananunua ardhi kwa mara ya kwanza katika nchi aliyoahidiwa. Ananunua shamba la Efroni pamoja na pango la Makpela, kwa shekeli mia nne za fedha, mbele ya mashahidi. Ardhi yake ya kwanza, ndugu zangu, ilikuwa kaburi la mke wake.

Nilipoyasoma hayo baada ya kujua habari za Thogoto, moyo wangu ulishtuka. Maana parokia ile nayo iliota mizizi kwa njia iyo hiyo. Kwanza hema iliyohamishwa, na mwishoni kaburi la mtu aliyependwa.

Lakini tusimalizie hapo, maana kanisa si kaburi tu. Watoto wale wa njaa walikua. Mwaka 1907 akafika daktari kijana, John Arthur, na hospitali ikakua. Mwaka 1909 mvulana mmoja aitwaye Kamau wa Ngengi alifika hapo misheni kutafuta elimu. Alifundishwa kusoma na useremala, akabatizwa mwaka 1914. Huyo ndiye aliyekuja kuitwa Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa nchi yetu. Nasema hivi si kwa kujisifu, kwa kuwa yeye na kanisa hilo walikosana baadaye katika mambo mengi. Nasema ili ujue kwamba hakuna mwalimu wa shule ya Jumapili anayejua ni nani ameketi mbele yake.

Mwezi wa Juni 1913 jambo la ajabu lilitokea katika kanisa lile dogo. Wamisionari wa Anglikana, wa Presbiteri, wa Methodisti, wa Africa Inland Mission na wengineo walikutana Thogoto kuzungumza jinsi ya kushirikiana, wasiwagawanye Waafrika kwa ugomvi wa Ulaya. Mwishoni walishiriki Meza ya Bwana pamoja. Askofu Peel wa Mombasa aliongoza ibada katika kanisa la Kipresbiteri, naye Askofu Willis wa Uganda alikuwapo. Askofu Weston wa Zanzibar aliposikia alikasirika, akawashtaki kwamba wamepotoka katika imani. Maneno yakafika mpaka kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, magazeti ya London yakaandika, na wasomi wakabishana kwa muda mrefu. Yote hayo kwa sababu ya mkate na kikombe katika kanisa dogo la kijijini, ambalo wengi wa wabishi hao hawakuliona kwa macho. Lakini mbegu haikufa. Kutokana na ushirikiano huo iko shule ya Alliance, iliyofunguliwa karibu na hapo mwaka 1926, na Baraza la Makanisa ya Kenya nalo linahesabu mwanzo wake katika mkutano ule wa 1913.

Mwaka huo wa 1926 ulikuwa na furaha nyingine. Wakikuyu wa kwanza waliwekewa mikono kuwa wachungaji katika kanisa hilo, miongoni mwao Musa Gitau na Benjamin Githieya. Na Agano Jipya likachapishwa kwa lugha yao. Watu wakafikiri sasa kazi imesimama.

Miaka mitatu baadaye ilianguka. Mwaka 1929 wamisionari waliwataka washirika na walimu watie sahihi au alama ya kidole kwamba wameachana na tohara ya wasichana na hawatakuwa upande wa chama kilichoitetea. Jambo hilo liliitwa kirore. Washirika walio wengi wakatoka. Madawati yakabaki matupu, shule zikafungwa, ndugu wakaacha kusalimiana. Waliotoka wakaanzisha shule zao na makanisa yao ya kujitegemea.

Wasikilizaji wangu, mimi nina binti na wajukuu wa kike. Juu ya mwili wa msichana, naamini kanisa lilisema kweli, na tangu mwaka 2011 sheria ya nchi yetu yenyewe inakataza ukeketaji. Lakini nimefikiri sana juu ya njia iliyotumika. Watu walikuwa tayari na uchungu wa ardhi, kwa kuwa walowezi na hata misheni yenyewe walikuwa wamepewa ekari nyingi ambazo zilikuwa na wenyewe. Walipoambiwa watie kidole kwenye karatasi, wengi waliogopa kwamba ni ardhi nyingine inaondoka. Ukweli ulisemwa na watu ambao hawakuwa wamesikiliza kilio kingine. Mzazi anayemwonya mtoto juu ya kosa, na hali yeye hajamrudishia mtoto huyo haki yake, asishangae mlango ukifungwa kwa kishindo. Akina mama na akina baba, tulikumbuke hilo nyumbani mwetu.

Na katika miaka hiyo hiyo ya madawati matupu, jengo kubwa la mawe lilikuwa likijengwa pale Thogoto. Mafundi hawakuacha. Lilifunguliwa mwaka 1933, nalo ndilo liitwalo Kanisa la Mwenge, Church of the Torch. Walijenga nyumba kubwa wakati watu walikuwa wachache. Wengine bila shaka waliwacheka. Lakini watoto wa waliotoka, na watoto wa waliobaki, wamekaa ndani ya kuta hizo.

Baadaye kanisa lenyewe likawa la wenyeji. Mwaka 1943 lilipata jina la Presbyterian Church of East Africa, na mwaka 1956 likaungana na makanisa ya Kipresbiteri ya Wazungu kuwa kanisa moja. Na mwaka 1971 katibu wake mkuu, Kasisi John Gatu, aliwashangaza watu wa Ulaya na Marekani aliposema kwamba misaada ya watu na fedha isimamishwe kwa muda, ili kanisa la Afrika lijifunze kusimama. Jitegemee! Neno hilo tunalijua. Lilisemwa na kanisa ambalo miaka themanini kabla yake lilikuwa kambi ya wagonjwa wa homa kule Kibwezi, likiishi kwa fedha za matajiri wawili watatu.

Basi, baada ya kuyapata hayo, nilimwomba yule ndugu mpole na yule mama mjane tufunge safari siku moja. Tulipanda matatu, tukapita Kawangware na Dagoretti, tukafika Thogoto kabla ya saa nne. Tuliliona kanisa la mawe, tukasimama penye makaburi. Yule mama alisimama muda mrefu mbele ya kaburi la Watson. Kisha akaniuliza, "Mzee, mama huyu alikaa miaka mingi hivi kwa ajili ya kaburi?"

Nikamwambia, "Nadhani alikaa kwa ajili ya watoto. Lakini kaburi lilimfanya ajue kwamba hapa si ugenini tena."

Tuliporudi, njiani yule ndugu alisema neno ambalo limebaki nami. Alisema, "Lakini sisi hata kaburi hatuna." Na ni kweli. Majirani zetu Wanubi, ambao babu zao walikuwa askari wakapewa kukaa hapa tangu mwanzo wa karne iliyopita, wana makaburi yao Kibera. Sisi wengine tunawapeleka wafu wetu Kakamega, Siaya, Machakos, Murang'a. Tunachanga nauli, tunapakia jeneza, tunaimba, na gari linaondoka. Hapa hakuna jiwe. Mtoto aliyezaliwa Gatwekera akiuliza, "Nani walilianzisha kanisa hili?" hana mahali pa kwenda kusoma jina.

Nilimjibu hivi: Tuna kitu. Thogoto tunaijua kwa sababu mtu aliandika. Aliandika nani alikufa, nani alibatizwa, mwaka gani, kwa sababu gani walihama. Bila maandiko hayo, mawe yale yangekuwa mawe tu. Wana wa Israeli walibeba sanduku jangwani miaka arobaini, na ndani yake mlikuwa na maneno yaliyoandikwa. Hema ilikunjwa na kufunguliwa mara nyingi, lakini maneno hayakupotea.

Katika kikao kilichofuata tulikubaliana mambo mawili. Tutanunua mabati, si kwa sababu tuna hakika ya kesho, bali kwa sababu Abrahamu alijenga madhabahu mahali alipopiga hema. Na kabla ya mabati tulinunua daftari kubwa lenye jalada gumu, la bei ndogo kabisa katika hesabu yetu yote. Ukurasa wa kwanza tumeandika majina ya watu kumi na wanne walioanza kusali pamoja katika chumba cha kupanga. Ukurasa wa waliolala katika Bwana unaanza na jina la mume wa mama yule: jina lake, siku tuliyomwombea, na mahali alipozikwa. Mama mwenyewe alilitamka, kijana akaandika. Alipomaliza kuandika, mama alimwomba amsomee tena.

Ndugu yule mpole bado anasema tingatinga laweza kuja. Nasi hatumkatalii. Laweza kuja. Lakini daftari hilo hukaa nyumbani kwa mzee mmoja, na nakala yake kwa mwingine, na siku tukihama tutahama nalo, kama Watson alivyohama kutoka Kibwezi, na tutaandika pia sababu ya kuhama.

Mpenzi msikilizaji, nikuulize kabla sijaagana nawe. Kanisa lako lilianza lini? Nani aliyeombea watoto wako walipokuwa wagonjwa? Wazee wanaojua wako hai bado, lakini hawatakuwa hai siku zote. Nenda Jumapili hii, ukae karibu na bibi mmoja mzee baada ya ibada, umwulize, na uandike. Usingoje kanisa la mawe. Usiseme, "Hapa tunapita tu." Ibrahimu naye alikuwa anapita, na Mungu wake alikubali kuitwa kwa jina lake.

Na tuombe.

Ee Mungu wa Abrahamu na wa Sara, Mungu wa wanaohama na wa wanaobaki, twakushukuru kwa ajili ya wote waliotutangulia, wenye majina makubwa na wale ambao majina yao unayajua wewe peke yako. Utusamehe pale kanisa lako lilipowadhulumu watu wa nchi, na pale tuliposema kweli bila upendo. Uwakumbuke wote wanaolala usiku huu chini ya mabati yasiyo yao. Utufundishe kujenga mahali ulipotuweka, na kuandika fadhili zako ili watoto wetu wazisome. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji, na Mungu awabariki.